Kulia Kwake, Kushoto Kwangu

Mke wangu alikuwa na kishimo shavuni. Kimoja tu. Akicheka kinaonekana, akinyamaza kinajificha. Mimi nilisema kilikuwa kushoto. Binti yetu alisema kulia.

Tulibishana miezi minne baada ya kumzika. Tulikuwa jikoni, binti ananimenyea chungwa.

"Dimpozi ya Mama ilikuwa kulia," alisema.

"Kushoto."

"Kulia, Baba. Nimekaa ubavuni kwake tangu sijaota meno."

"Na mimi nimekula naye meza moja miaka thelathini na nane."

"Basi umesahau."

Alisema kwa utani. Kisha akaniangalia usoni, akaacha kumenya.

Kwa sababu ilikuwa kweli. Nilikuwa nimeanza kusahau. Sauti yake ninayo. Mikono yake ninayo, mpaka lile kovu la kidole gumba. Uso ndio ulikuwa unaondoka. Kwanza yaliondoka masikio, sikuweza tena kuyakumbuka. Nikasema si kitu, nani hukumbuka masikio. Halafu nikaanza kupoteza namna nyusi zake zilivyokaa. Sasa na kishimo. Na macho yangu yenyewe yana ukungu. Daktari alisema ni mtoto wa jicho. Nikamwambia, daktari, mtoto huyu kaja nimeshazeeka, nani atamlea?

Utasema, si utazame picha. Hapo ndipo penye kichekesho. Mke wangu alikuwa fundi wa kamera miaka thelathini na moja, na picha yake hatukuwa nayo. Siku tuliyooana tulipigwa filamu nzima, ikaingia mwanga, zikatoka karatasi nyeupe tupu. Baada ya hapo yeye alikuwa nyuma ya kamera siku zote. Ipo ya kitambulisho. Humo ametazama kama mtu aliyeambiwa amejibu vibaya. Hacheki. Kishimo hakipo upande wowote.

Mara ya kwanza nilimkuta akifagia. Ilikuwa studio ya picha, na mwenye studio, mzee mmoja mkali, alikuwa na meza ya ufundi chumba cha nyuma. Mimi nilikuwa mchomelea vyuma. Niliitwa kuweka grili ya dirisha. Nikashusha kinyago usoni, nikaanza kazi. Nilipokinyanyua nikamwona amesimama na fagio.

"Kaka, hicho kioo cheusi cha nini?"

"Kuzuia mwanga."

"Wote?"

"Ule unaoumiza. Unaobaki unatosha kuona kazi."

"Hebu niazime."

Akakiweka machoni akatazama juu. Jua lilikuwa kali, mtu wa kawaida angefumba macho. Yeye alitulia. "Limekuwa kijani," alisema. "Limekuwa dogo kama kifungo." Mwenye studio akaita mara mbili, hakusikia.

Grili ile ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Niliifunga kwa siku tatu.

Kutoka kwenye fagio alihamia kwenye kupangusa lenzi. Kutoka lenzi akashika bisibisi. Mzee mkali hakumfundisha kwa kupenda. Mikono ilikuwa imeanza kumtetemeka, akahitaji mikono mingine. Ya mke wangu haikutetemeka kamwe. Parafujo ndogo kama punje ya mchanga aliishika kwa kibano huku anaongea na mteja na kumkemea mwanawe.

Halafu zama za filamu zikaisha. Siku kamera ya kwanza isiyo na filamu ilipoletwa mezani, mzee aliifungua mlango wa nyuma, akatafuta pa kuweka filamu, hakupaona. Akaisukuma pembeni. "Hii si kamera. Hii ni redio." Miezi michache baadaye akastaafu. Mke wangu akaichukua ile redio nyumbani, na ile meza akaichukua pia. Meza ikakaa chumba chetu cha mbele, chini ya dirisha. Ipo mpaka leo.

Aliivunja kamera ile mara tatu na kuirudisha mara tatu kabla hajaielewa. Hakuwa na mwalimu. Mara ya tatu aliniita nikiwa nakula.

"Chuma, njoo uone." Aliniita Chuma. Mimi nilimwita Fundi, hata mbele ya watu.

Alikuwa amebandika mezani mkanda wa gundi, upande unaonata juu, na kupanga vipande vyote juu yake, kutoka kushoto kwenda kulia.

"Mwanga ni mgeni," alisema. "Mgeni anapokelewaje?"

"Anapiga hodi."

"Enhe. Hodi ni hapa." Akagusa lenzi. "Huu ndio mlango. Wageni wanakuja kwa makundi, kila mmoja na njia yake, lenzi inawakusanya wakae mahali pamoja. Ila mlango wenyewe una vituko. Kila anayepita anaingia kichwa chini. Na wa kushoto anajikuta kulia."

"Wageni gani hao?"

"Ndio hao. Watanyooshwa baadaye. Sasa hapa ni mboni, kama yako. Ikifunguka wanapita wengi, ikibana wachache. Hili ni pazia. Linafunguka, linafungwa. Aliyechelewa kachelewa. Halafu hiki."

Kilikuwa kioo chembamba, kidogo kama ukucha wa mtoto, na ukikiinamisha kina rangi ya maji ya bahari.

"Chujio," alisema. "Kuna mwanga mwingine, wa joto, macho yetu hayauoni. Kamera inauona. Huyo hakualikwa. Chujio linambakiza nje."

"Kama kioo changu cha kuchomelea."

"Si nilianza kukiona chako. Bila wewe ningejuaje?"

Sijawahi kusifiwa kama siku ile, na mdomoni nilikuwa na tonge.

Akagusa kipande cha tano. Kilikuwa kidogo, kinang'aa kama bawa la nzi. "Hapa ndipo wanapokaa. Inaitwa sensa."

"Sensa? Ile ya kuhesabu watu?"

Alicheka mpaka kibano kikamponyoka. Kishimo kile kilikuwepo, nina hakika. Nilikiona. "Hiyo hiyo," alisema. "Humu mna vyumba milioni tano. Kila chumba wanahesabiwa walioingia."

"Mimi naona trei ya mayai."

"Haya, trei. Trei yenye mashimo milioni tano. Na juu ya kila shimo kuna kigae cha rangi. Kwa kila nyekundu moja na buluu moja, kijani mbili."

"Kwa nini kijani apewe mbili?"

"Ndiyo rangi macho ya watu yanayoiona vizuri kuliko zote. Mwenye nguvu anakula mara mbili, hujui?"

Akaendelea. Wageni wakishakaa wanasema kwa sauti ya chini sana, haisikiki. Kwa hiyo kuna mwenye sauti, kazi yake kurudia kwa nguvu walichosema. Mahali penye giza wageni wanakuwa wachache, mwenye sauti anapiga kelele kupita kiasi, na picha inatoka na chengachenga. Baada yake yupo karani. Huyo anageuza kila sauti kuwa nambari. Hana habari na uzuri wala ubaya, anaandika tu. Mwisho ni mpishi. Mpishi anazichukua nambari zote anazipika, anawanyoosha waliosimama kichwa chini, anawarudisha wa kushoto kushoto, anachanganya rangi, anapakua. Chakula kinaingia kwenye kadi.

"Na kama kadi hamna?"

"Kinaingia tumboni. Kamera nyingi zina tumbo lao dogo, la akiba."

Ndivyo nilivyoijua kamera. Sikuijua kwa njia nyingine.

Shule mimi niliiona kwa nje. Kuandika nilijifunza mezani kwake. Macho yalipoanza kuchoka na moto nikapunguza kuchomelea, nikawa nashinda pale. Alikuwa na makopo ya vipuri zaidi ya ishirini, na mikono yake haikuwa na nafasi. Akanitajia herufi, mimi nikaandika kwenye vikaratasi, tukabandika. La kwanza lilikuwa kopo la vile vioo vyembamba, alivyovilaza kwenye pamba kila alipofungua kamera, visichubuke. Nilitoa jasho kuliko kubeba nondo. Nilipomaliza nilikuwa nimeandika CHUJO.

Hakunirekebisha. Nilikuja kujua miaka mingi baadaye, siku mwalimu mmoja alipoleta kamera yake. Alisimama akingoja, anasoma makopo.

"Mama, hapa pamekosewa. Ni chujio. Herufi moja imeachwa."

Mke wangu hakuinua kichwa. "Huko kwenu ni chujio. Kwangu ni chujo. Karani wangu kaandika hivyo."

"Lakini kamusi..."

"Kamusi ikiharibikiwa na kamera yake, niletee nayo."

Kuanzia hapo hakusema tena chujio. Hata kwa simu na wenye maduka ya vipuri alisema chujo. Walimwelewa.

Kila kamera iliyopona ilinijaribu mimi. "Chuma, kaa hapo." Nakaa kwenye kiti karibu na dirisha, mwanga unanipata ubavuni. "Usicheke." Ananipiga. Anatazama kwenye kioo cha nyuma, anavuta, anatazama kona zote kama kuna vumbi. Kisha ananifuta, anaifunga kwenye mfuko, mteja anachukua. Sijui nimefutwa mara ngapi.

Yake mwenyewe ilikuwa moja. Ndogo, ya kijivu, mteja aliikataa akampa bure. Siku moja, mvua ilikuwa inanyesha na hakuna mteja, nikaichukua mezani.

"Leo zamu yangu," nilisema.

"Wewe? Utapiga paa."

"Nionyeshe pa kubonyeza."

Akanionyesha. Akarudi kukaa na aproni yake nyeusi, bisibisi mkononi. Nikashika kamera kwa mikono miwili kama sahani ya mchuzi.

"Kidole!" alisema.

"Kidole gani?"

"Mzee, toa kidole! Kidole!"

Akaanza kucheka. Mimi nikabonyeza. Ikalia.

"Imekwenda wapi? Sioni kadi."

"Haina kadi. Imeingia tumboni. Iache humo."

Wiki iliyofuata ile kamera ikagoma. Ukiiwasha lenzi inatoka nusu, inarudi. Aliifungua akakuta utepe wa waya umekatika, ule unaounganisha lenzi na bodi. Akaiweka vipande kwenye kopo la biskuti, akaniambia niandike YETU. "Za wateja kwanza," alisema. "Yetu itasubiri."

Ikasubiri miaka sita.

Alipougua alihamisha kazi kitandani. Trei ya chai magotini, taa ya mezani begani. Wateja aliwaambia wasilete mpya, akamaliza zilizokuwepo, moja moja. Hakumrudishia mtu kamera mbovu. Ya mwisho ilipoondoka, akasema nimletee kopo la YETU. Utepe mpya alikuwa nao. Aliufunga siku mbili, parafujo mbili kwa siku, analala kati. Mara ya kwanza maishani niliona kibano kikitetemeka mkononi mwake. Yeye pia aliona. Akakilaza.

"Andika TAYARI," alisema. "Imebaki kuifunga tu. Tutaifunga nikipata nguvu."

Nikaandika, nikatia kikaratasi ndani ya kopo. Hakupata nguvu.

Sasa siku ile ya chungwa, binti ananitazama, nikamwambia, "Ipo picha."

"Picha gani?"

"Ya mama yako anacheka. Nilimpiga mwenyewe. Iko tumboni."

Alidhani nimechanganyikiwa, niliona. Nikaenda nikaleta kopo.

Binti yetu ni mshonaji. Mikono yake ni ya mama yake, ila hakuwahi kutaka kamera, alisema zina vitu vidogo vya kuudhi. Alitazama ndani ya kopo akavuta pumzi.

"Tumpelekee fundi."

"Fundi ndiye aliyeiandika tayari."

"Baba, mimi sijui hata kipi ni kipi."

"Mimi najua. Wewe uwe macho na mikono. Mimi nitasema."

Alivaa aproni ya mama yake, ile nyeusi. Iliniuma kidogo kuiona imesimama. Nikakaa upande wangu wa meza, yeye akakaa kwenye kiti cha Fundi. Nilimwambia awe mwangalifu na kapasita ya flashi, lile pipa dogo jeusi, kwamba linatunza umeme, liliwahi kunirusha nikamwaga chai.

"Hili?" Akaligusa.

Nikaruka mimi, yeye hakuruka.

"Limelala, Baba. Miaka sita."

Kulikuwa na shida moja sikuifikiria. Mke wangu alinifundisha kutoka mlangoni kwenda ndani. Hodi, mboni, pazia, mpaka mpishi. Kuifunga kamera ni kinyume. Unaanza ndani, unamalizia mlangoni. Nilikuwa nimezoea kuwakaribisha wageni, sikuzoea kuwasindikiza. Nikawa nasema orodha yote kwa sauti kama sala, kwanza kwenda mbele, halafu nairudia kutoka mwisho. Bodi ya mpishi na karani, imekaa. Tumbo limo humo humo kwenye bodi. Trei na mwenye sauti, imekaa. Lenzi na pazia na mboni vilikuwa pamoja kwenye kikombe chake, tukakipandisha juu ya trei. Parafujo tatu. Binti alitoa ulimi kama anapotunga sindano. Mama yake alifanya vile vile. Sikumwambia.

Utepe ukaingia. Ganda likafunga. Betri tulitoa kwenye makopo ya vipuri, tulikuwa tumeichaji tangu asubuhi.

"Washa," nilisema. Na sikutazama. Ikigoma hapo, kishimo kilikuwa kimekwenda na masikio na nyusi, na sikuwa na mahali pengine pa kukitafuta.

Nikasikia lenzi inatoka. Yote. Haikurudi.

"Baba, imewaka! Inauliza tarehe."

"Iambie yoyote."

"Niende kwenye picha?"

"Jaribu kwanza. Mama yako hakuamini kamera bila kuijaribu. Ilete. Kaa hapo."

Akakaa kwenye kiti changu, karibu na dirisha. Nikampiga. Safari hii vidole vyangu niliviweka nyuma kabisa. Akaja akatazama kioo.

"Imekufa," alisema. "Sensa imekufa, Baba. Tumeiharibu."

"Unaona nini?"

"Aproni ni zambarau! Na mti wa dirishani majani yamekuwa meupe kama yamepakwa unga."

Nikainama karibu, pua ikagusa kioo. Kweli. Aproni nyeusi imekuwa zambarau. Nikaisema sala tena. Hodi, mboni, pazia... Nikasimama hapo. Nikanyoosha mkono kwenye rafu bila kutazama, kopo la kwanza kabisa, nikalitikisa. Pamba ikasogea. Kitu kikalia ndani, kidogo.

Nikacheka. Sikuwa nimecheka tangu tumzike.

"Nini?"

"Chujo. Mgeni ambaye hakualikwa kaingia ndani. Chujo tumelisahau kwenye kopo. Kitu cha kwanza nilichokiandika maishani mwangu ndicho nilichokisahau."

Binti akacheka naye, kisha akaacha. "Na za zamani? Zimeharibika zambarau zote?"

Na mimi nikaacha. Sikujua. Nikafikiri. "Hapana," nilisema. "Zile zilishapikwa. Zilipikwa chujo likiwepo."

"Tulirudishe kwanza?"

Mama yake angelirudisha kwanza. Lakini kufungua ni kugusa utepe tena, na utepe ule mama yake aliufunga siku mbili. "Chujo litasubiri," nilisema. "Fungua tumbo."

Alibonyeza. Mlikuwa na picha nne. Moja ni hiyo ya zambarau. Moja ni dirisha tupu. Moja ni mimi, nina nywele nyeusi bado, sijacheka. Akabonyeza tena. Akaisogeza kamera karibu na uso.

"Yumo?"

Akaitika kwa kichwa. Macho yangu hayakuweza kumwona vizuri kwenye kioo kile kidogo. Niliona kitu cheusi chini, ni aproni. Niliona weupe wa meno. Na upande mmoja kulikuwa na kitu kinene, cha rangi ya nyama, kimeziba kama mlima.

"Nisimulie," nilisema.

"Anacheka, Baba. Anacheka sana. Macho yamefumba nusu. Ana bisibisi. Sikio moja linaonekana."

"Likoje?"

"Kama langu."

Nikalitazama lake. Miezi minne nilikuwa natafuta masikio, na yalikuwa yanakaa jikoni kwangu.

"Na kishimo?"

Akaivuta picha. "Hakipo. Shavu hili ni laini."

"Shavu gani?"

"La kushoto. La kulia limefunikwa na kidole."

Basi. Kama kushoto hakipo, kilikuwa kulia. Nilikuwa nimesahau kweli. Nikamwambia, "Umeshinda, mama."

Hakufurahi. Aliiweka kamera mezani, akarudi kwenye kiti cha Fundi, akanielekea. Katikati yetu ilikuwa meza ile ile.

"Baba. Jifanye mimi ni Mama. Nacheka. Kishimo kiko wapi? Nionyeshe kwa mkono."

Nikanyoosha mkono juu ya meza. Mkono wa kushoto. Ulikwenda wenyewe. Ukagusa shavu lake.

"Hili ni la kulia," alisema.

"Ni upande wangu wa kushoto."

"Ndiyo hivyo. Mimi nilikaa ubavuni kwake, natazama anakotazama. Wewe ulikaa mbele yake. Kulia kwake, kushoto kwako. Tumebishana kumbe tumekubaliana, Baba."

Sikuondoa mkono haraka. Wa kushoto anajikuta kulia. Fundi alishaniambia, na nilikuwa na tonge mdomoni, nikadhani anasema mambo ya lenzi.

Tuliipeleka picha kwa mama mmoja mwenye studio, aichapishe kubwa. Alikuwa akimjua Fundi, kamera zake zote zilipita mezani kwetu. Akaifungua kwenye kompyuta yake akaitazama muda mrefu.

"Mzee, kidole hiki nakitoa. Dakika kumi."

"Unakitoaje?"

"Nachukua shavu hili zima, nageuza, nabandika upande huu. Hutajua."

"Na kishimo?"

"Kishimo kipi?"

"Kiko hapo chini. Kidole kimekalia."

Akageuka na kiti akanitazama. "Mzee wangu, hapo chini hakuna kitu. Kidole kilikuwa mlangoni. Mwanga wa shavu hili haukuingia. Naweza kukuchorea kishimo, ila kitakuwa changu, hakitakuwa chake."

"Basi kiache kidole."

"Watu watauliza."

"Wakiuliza nitawajibu. Ni changu."

Binti alilirudisha chujo Jumapili iliyofuata. Utepe haukukatika. Tulijaribu kamera, yeye kwenye kiti changu, na aproni ikatoka nyeusi. Akaniuliza kama anirekebishie ile karatasi ya kopo, imechakaa, aandike upya. Nikamwambia aandike, ila aandike vile vile.

Picha iko ukutani, juu ya meza. Hospitali wamenipa siku ya kutolewa mtoto wa jicho. Kwa sasa, nikikaa upande wangu, uso siuoni vizuri, naona weupe wa meno na kile kidole. Kiko upande wangu wa kushoto. Kishimo kiko hapo hapo.